Sikio Moja Darasani, Moja Rutshuru

Asubuhi moja, katika kozi ya fonolojia hapa Goma, nilikuwa nikiandika kila neno la profesa. Nje, kijana mmoja alikuwa akiita abiria. Sijui alitaja miji gani mwanzoni. Kwangu ilikuwa kelele tu. Halafu akaita: "Rutshuru!" Kalamu ikasimama, kichwa kikageukia dirishani.

"Wewe, akili yako iko wapi?" profesa akauliza. Wenzangu wakacheka. Ufafanuzi ulionipita dakika ile ndio uliokuja kuulizwa kwenye mtihani.

Swali lake linastahili jibu. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1953, Colin Cherry aliwasikilizisha watu maneno tofauti katika kila sikio, akawaomba wayarudie ya upande mmoja tu. Ya upande wa pili hawakuweza kuyaeleza. Hata lugha ilipogeuzwa kutoka Kiingereza kuwa Kijerumani, hawakutambua. Lakini mwaka 1959 Neville Moray alipoliweka jina la msikilizaji mwenyewe katika upande huo usiosikilizwa, kama theluthi moja walilisikia.

Kumbe akili haifungi mlango kabisa. Inapepeta kelele bila sisi kujua, na neno lenye uzito linapita. Mimi nilimwacha mama Rutshuru vita vilipofika kwetu mwaka 2022. Jina la mahali hapo lina uzito kama jina langu. Sikuchagua kugeuka, nilijikuta nimegeuka.

Hata hivyo, hoja hii isiwe kichaka cha wanaochezea simu darasani wakisema "nasikia tu". Sikio hilo la ndani ni mlinzi wa lango, si mwanafunzi. Linatambua linachokijua tayari. Halitufundishi kanuni mpya. Ikiwa lugha nzima inaweza kubadilika bila kutambuliwa, sembuse tofauti ndogo ya toni?

Walimu wetu, kichwa kinachogeuka si dharau kila mara. Tunaomba ufafanuzi mkuu urudiwe na uandikwe ubaoni, ili aliyenyakuliwa na neno moja apate pa kurudia. Nasi wanafunzi tuweke simu mkobani, na tukipotea tuinue mkono: "Profesa, naomba urudie."

Siku ile sikuinua. Niliona haya, na lile pengo bado limo katika daftari langu.