Kidhibiti joto cha chumba cha vifaranga kinapozidiwa

Kwa wafugaji wa Sinza mwezi wa Julai ni mwezi wa majaribu. Upepo wa kusi huleta usiku ubaridi ambao kwa mtu mzima ni burudani, lakini kifaranga wa siku moja, anayehitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, huweza kufa nao. Ndipo taa zote za chumba cha kulelea huwaka kwa pamoja, mashine ya kutotolesha nayo huvuta umeme wake, na ilipo saa mbili usiku, maharage yakiwa jikoni, breka hujikata. Mwenye nyumba huinyanyua, hujikata tena. Mara ya tatu huitwa kijana wa mtaani anayejua kushika testa, naye hutoa dawa yake ile ile: "Shikamoo mama. Hii breka ni ndogo, tukuwekee kubwa." Juma hili tutaeleza kwa nini dawa hiyo ni mbaya kuliko ugonjwa.

Aghalabu lawama huangukia kile kisanduku kidogo chenye tarakimu nyekundu, yaani kidhibiti joto, ambacho wengi hukinunua Kariakoo. Kazi ya kisanduku hicho ni moja tu. Hupima joto kwa kijiti chake, kisha hufunga au kufungua njia ya umeme kwa swichi ndogo inayovutwa na sumaku, ambayo mafundi huiita rilei. Juu ya rilei hiyo mara nyingi pameandikwa ampea 10. Kidhibiti hakiumbi mzigo. Huupitisha mzigo ule uliomtwika wewe mwenyewe. Na ile ampea 10 ni kikomo, si kipimo cha kutumia kila usiku. Kwa kazi ya saa nyingi mfululizo ni busara kuishia kwenye ampea 8, yaani wati 1,840.

Hesabu yake haihitaji fundi. Umeme wa majumbani kwetu ni volti 230. Chukua wati zilizoandikwa kwenye kila chombo, zigawe kwa 230, utapata ampea. Tuseme una vifaranga mia tatu na taa nne za joto za wati 250 kila moja: hizo ni wati 1,000, ampea 4.3. Ukaona hazitoshi, ukaongeza hita ya feni ya wati 2,000: ampea 8.7. Jumla ni ampea 13, na zote zinapita katika rilei ya ampea 10. Sasa binti anapiga pasi sare za shule kwenye waya huo huo, wati 1,000 nyingine, nasi tumefika ampea 17.4. Jiko la umeme la maharage la wati 1,500 likiwashwa, ni ampea 23.9.

Ikiwa breka ya mstari huo ni ya ampea 16, msomaji atadhani ilipaswa kukata zamani. La hasha. Breka ya namna hiyo huweza kubeba ampea 17.4 usiku kucha bila kujikata, na hata ikifika 23.9 huenda ikachukua dakika nyingi kabla ya kukata. Fyuzi ya plagi ya ampea 13 nayo hustahimili ziada kwa muda mrefu, plagi ikichemka hadi ikabadilika rangi. Kwa hiyo breka iliyojikata saa mbili usiku imekutendea wema. Ukiibadilisha na kuweka ya ampea 32 juu ya waya ule ule mwembamba, umeyanyamazisha malalamiko yake tu. Joto linabaki ndani ya ukuta na juu ya dari, watoto wakiwa wamelala chini yake.

Kabla ya kugusa chochote, tazama breka inajikata vipi. Ikijikata papo hapo, kufumba na kufumbua, kila unapoinyanyua, hiyo ni shoti: waya zimegusana mahali, na si suala la mzigo. Ikijikata baada ya dakika kumi au nusu saa, na ukiiacha ipoe ikakubali tena, huo ndio mzigo uliozidi. Ikiwa ni ile swichi ya usalama inayolinda watu wasipigwe na umeme, nayo hujikata hasa baada ya kumwagika maji ya vifaranga au mvua kunyesha, basi umeme unavuja kwenda ardhini. Wala usiifunge kwa nguvu wala kuiondoa, kwani imeshika roho ya mtu. Halafu zima swichi kuu, ungoje, kisha uguse plagi na kichwa cha ekstensheni. Mahali palipo na moto, palipolainika au panaponuka plastiki iliyoungua ndipo penye ugonjwa. Ekstensheni iliyoviringishwa kama kamba ya kisima hupata moto zaidi, kwa kuwa joto la mzunguko mmoja halina pa kutokea ila kwenye mzunguko wa pili.

Pana jambo jingine ambalo huwapoteza hata mafundi wazuri. Jioni, mtaa mzima ukiwa umewasha kila kitu, umeme huweza kupungua nguvu. Tuseme umeshuka hadi volti 180. Zile taa na hita za wati 3,000 sasa zinatoa joto la wati 1,840 hivi, maana joto hupungua kwa kasi kuliko volti zenyewe. Vifaranga wanajikusanya na kulia. Mama wa watu, kwa huruma, anachomeka hita ya pili ya wati 1,000, hali inatulia, anakwenda kulala. Usiku wa manane majirani wamezima, umeme umerudi 230, na mzigo ule ule unavuta ampea 17.4 katika rilei ya 10, breka ikiwa kimya. Asubuhi kidhibiti kimeungua, nasi tunasema vitu vya siku hizi havidumu.

Tena heri kingekuwa kimeungua na kuzima. Rilei iliyozidiwa mara nyingi vidole vyake huyeyuka kidogo na kushikana. Tarakimu zinasema joto limetosha, taa ndogo ya kidhibiti imezimika, lakini hita inaendelea kuwaka. Katika mashine ya kutotolesha, ambayo hutakiwa kubaki karibu na nyuzi 37.5 kwa siku 21, hilo ndilo balaa kubwa. Mayai yakipoa kwa muda mfupi umeme ulipokatika, ukiacha mlango umefungwa, mengi huokoka; yakipita nyuzi 40 kwa saa chache, viini hufa. Kwa sababu hiyo weka kipima joto cha pili kisichotegemea kidhibiti, na mwambie fundi afunge thamostati ya akiba itakayokata njia joto likipita kiasi, hata kama rilei imeshikana.

Umeme ukikatika, zima kila kitu kwenye soketi. Ukirudi, kila chombo kimepoa, na kila thamostati inadai joto kwa wakati mmoja. Friji nayo huvuta mara kadhaa ya ampea zake za kawaida inapoanza. Anza na mashine ya mayai, kisha taa, mwisho friji, ukipisha dakika chache kati ya kimoja na kingine.

Nyumba nyingi za Sinza zilisimama katika viwanja vilivyopimwa miaka ya 1970, chini ya mradi wa viwanja na huduma uliosaidiwa na mkopo wa Benki ya Dunia. Waya zilizofungwa humo wakati huo zilikusudiwa taa, redio na pasi. Banda la uani lilikuja baadaye, nalo likapewa umeme wa kuazima kutoka soketi ya sebuleni. Tiba ya kweli ni mstari wake peke yake kutoka kwenye ubao wa swichi, waya wa milimita 2.5 za mraba na breka inayolingana nao, pamoja na waya wa ardhini. Kidhibiti kisibebe mzigo. Kiamrishe kontakta, yaani swichi kubwa ya sumaku iliyotengenezwa kwa mizigo mizito. Kazi hiyo apewe fundi mwenye leseni ya EWURA.

Gharama hiyo si ndogo, nasi tunalijua hilo. Kwa hiyo anza na ile hita ya feni: iondoe. Inapasha moto dari na kuta, ilhali vifaranga wako chini. Zungusha kitalu cha duara kwa ubao laini au makuti yaliyosukwa, urefu wa goti, weka magunia upande wa upepo huku hewa ikipita juu, na zitundike taa kwa mnyororo, si kwa waya wake, zisipungue sentimita 45 kutoka kwenye maranda, ambayo hushika moto upesi. Taa nne zile zile, ampea 4.3, zitatosha kwa wengi, na kidhibiti cha ampea 10 kitazibeba bila kuugua. Usikimbilie jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa. Moshi wake usioonekana huua vifaranga na aliyelala chumba cha pili. Kila juma punguza joto kwa nyuzi tatu hivi kwa kuinua taa au kuzima moja, na kufikia juma la nne, hata katika Julai, huenda ukabakiwa na taa moja tu ya kuwasha alfajiri.