Kovu la Mama



Jamaa moja ya Goma walipotewa na picha zao zote tarehe 17 Januari 2002, siku ile mlima Nyiragongo ulipotapika moto ukashuka mpaka katikati ya mji. Walikimbia na watoto na magodoro. Nani angekumbuka picha za ukutani? Ikasalia moja tu ya mama yao, ndogo, ya pasipoti, iliyokuwa katika mkoba wa shangazi yao huko Bukavu. Mama alipofariki, watoto waliipeleka studio ikuzwe na kurekebishwa.

Kijana wa studio alifanya kazi kwa bidii, na bidii yake ndiyo iliyoharibu. Aliondoa mikwaruzo ya karatasi: vema. Akaondoa na makunyanzi, akafuta kovu la shavuni, kisha akaung'arisha uso hata ukawa mweupe kuliko alivyopata kuwa marehemu. Baba yao mzee aliitazama picha kitambo, akauliza: “Wanangu, huyu mama ni nani?”

Kurekebisha picha si jambo jipya, wala peke yake si udanganyifu. Zamani za filamu, fundi aliketi mbele ya mwanga na kalamu ya risasi iliyochongwa kama sindano. Katika filamu, weusi huonekana mweupe na weupe mweusi. Hivyo doa la uso lilikuwa tundu jeupe, naye alilijaza kwa vinukta vidogo mpaka lilingane na ngozi iliyolizunguka. Ilikuwa kazi ya macho na subira. Kwa kompyuta yatosha kubofya mara moja, na hapo ndipo hatari ilipo: chombo chepesi hakimpi fundi nafasi ya kujiuliza kama inafaa.

Fundi stadi hutenganisha mambo mawili, yaani rangi na mwanga upande mmoja, na vinyweleo na mistari ya ngozi upande wa pili. Husawazisha rangi bila kuigusa ngozi yenyewe. Asiyejua huvipaka vyote pamoja, uso ukawa kama sahani.

Na huo weupe? Miaka mingi Kodak ilipeleka kwenye maabara kadi zenye picha ya mwanamke wa Kizungu, ili rangi zipimwe kwa ngozi yake. Nyuso zetu zikatoka gizani, hazina umbo. Kuutoa uso katika kiza hicho ni haki. Kuubadili rangi ni jambo jingine, hata mteja akilisifu. (Nakiri kwamba wateja wengi hulisifu.)

Chunusi ya juma hili na iondoke, kwa kuwa juma lijalo haitakuwapo. Kivuli cha jua la adhuhuri chini ya macho na kipunguzwe. Lakini kovu la tangu utotoni lisiguswe pasipo kumwuliza mwenyewe, au waliomjua ikiwa hayupo tena. Nawe mteja, iombe studio iihifadhi picha ya asili bila kuigusa, na uione kazi kabla ya kulipa.

Kwa bahati yule kijana alikuwa ameihifadhi. Safari ya pili mzee alikwenda mwenyewe, akaketi karibu naye akimwelekeza kwa kidole: hapa, chini kidogo ya jicho. Kovu likarudi, na makunyanzi nayo. Mzee akalipa, akaifunga picha katika kitenge, akaondoka.