Wapagazi wako wapi?

Ndugu mwandishi, asante kwa kuikumbuka Königsberg, meli ya kivita ya Wajerumani, katika makala yako, lakini umeishia mapema mno. Baada ya manowari za Waingereza, Severn na Mersey, kuipiga kwenye delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915, Wajerumani waliizamisha wenyewe, kisha wakaopoa mizinga yake yote 10. Karakana za Dar es Salaam ziliiundia magurudumu, ikakokotwa nchi kavu, porini na matopeni, kwa nguvu za wapagazi Waafrika. Hao umewaruka kabisa.

Mmoja wa mizinga hiyo uko Fort Jesus, Mombasa, pamoja na mzinga wa Pegasus, meli ya Waingereza ambayo Königsberg iliizamisha Unguja mnamo Septemba 1914. Nilisafiri kutoka hapa Ikutha kwenda kuuona mzinga huo wa Königsberg. Niliuwekea kiganja: chuma kilichoma kwa jua la saa nane, na uzito wake unauona kwa macho tu. Nikawawaza Wakamba wetu waliochukuliwa Kariakoo, kikosi cha wapagazi cha Waingereza, wakatwishwa unga na risasi kuwafuata Wajerumani hao hao. Wengi hawakurudi. Tafadhali, makala ijayo ianze nao.