Paji la Uso Lililonyamazishwa

Kiswahili kimeweka usemi mwingi usoni. Mtu hukunja uso, hukunjua uso, hukunja ndita, hukosa hata uso wa kumtazamia mwenziwe. Biashara ya sindano za kuondoa makunyanzi, iliyozagaa Uingereza hata mtu akaweza kudungwa katika mapumziko ya chakula cha mchana, imekuja kuunyamazisha usemi huo, nasi twatakiwa tuilipe na kuishukuru.

Kinachouzwa ni sumu ya botulini, itokayo kwa bakteria wale wale wanaoingia katika chakula kilichohifadhiwa vibaya na kuua walaji. Ikitiwa kidogo, huizuia neva isiuamrishe msuli. Msuli hulegea, na ngozi iliyo juu yake hutulia. Daktari Alan Scott wa San Francisco aliitumia kutibu makengeza, na kwa hilo apewe heshima yake. Mwaka 2002 Marekani iliidhinisha Botox kwa ndita za katikati ya nyusi, na tiba ikageuka kodi ya pango: baada ya miezi mitatu au minne msuli huamka, na mwenye uso hurudi kulipia uso wake mwenyewe!

Watetezi husema kwamba wanawake wa pwani walijipamba tangu kale kwa hina, wanja na singo. Hoja hii siikubali hata kidogo. Wanja hulizidishia jicho usemi, haulizuii kukonyeza.

Na anayetishwa ni nani? Makunyanzi ya mwanamume huitwa busara. Mwanamke wa umri huohuo huambiwa amechakaa. Mwaka 2021 England ililazimika kukataza kwa sheria sindano hizi za urembo kwa walio chini ya miaka 18. Hofu ya uzee ilikwisha kuwafikia wasio na kunyanzi hata moja. Sheria hiyohiyo ikawaacha wasio madaktari wala wauguzi waendelee kuwadunga watu wazima.

Kwetu sisi wa ughaibuni hasara ina uzito wa pekee. Katika nyumba zetu nyingi Kiswahili cha mjukuu ni cha kuokoteza, na Kiingereza cha bibi vilevile. Wanayoelewana bila shida ni ya usoni. Bibi akikunja ndita mbele ya wageni, mkono wa mtoto uliokuwa ukiielekea sahani ya visheti kwa mara ya tatu hurudi wenyewe. Binti za bibi huyo, ambao kesho watakuwa bibi, ndio wateja wanaotafutwa leo.