Bafu la Nje Si la Kuchekwa

Wiki mbili zilizopita niliweka video fupi nikitafuta keja Kayole. Singo rumu, dirisha poa, sakafu imepigwa simiti nyekundu safi. Bafu na choo viko mwisho wa korido, milango saba mnatumia pamoja. Mimi nilidhani watu wataongea kuhusu bei. Wapi! Komenti zote ni za bafu. Mmoja ananiuliza kama nitakuwa napiga foleni na taulo kiunoni kama niko bweni. Mwingine akaandika mtu mzima kuoga nje ni kufeli maisha, na hiyo ndiyo ilipata laiki nyingi kuliko video yenyewe.

Sijakasirika, nimeoga nje nusu ya maisha yangu. Lakini nimekaa na hiyo komenti na naona tunamcheka mtu asiyefaa.

Anza na babu yangu. Alikuwa mtu wa reli, akaishi Muthurwa, zile landhi za wafanyakazi. Chumba kimoja. Ukitaka kuoga unabeba karai na sabuni, unatoka, unaenda kwa jengo la wote. Choo pia huko huko. Hiyo haikuwa fundi kusahau. Mkoloni alikuwa amemhesabu Mwafrika wa Nairobi kama mgeni: mwanaume mmoja, ana kipande, amekuja kazi, na kazi ikiisha arudi ocha. Kariokor, mtaa uliopata jina kutoka kwa Carrier Corps ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ulianza na mabweni, kila mtu na nafasi ya kitanda. Sasa mtu wa kitanda utampea bafu ya nini? Bafu ni ya mtu mwenye bibi na watoto na mpango wa kubaki. Hata mshahara ulipigwa hesabu hivyo, wa mtu mmoja. Ni 1954 ndiyo kamati ya Carpenter ilisema mshahara wa Mwafrika mjini unafaa kutosha familia.

Kwa hivyo ukiona bafu iko nje, usiulize kwanza mpangaji alifeli wapi. Uliza aliyejenga alikuwa anaona nani atakaa hapo.

Na msiniambie bafu ndani ya nyumba ni kitu tuliletewa na wazungu. Enda Gede, karibu na Watamu. Kwa hayo magofu, nyumba za mawe za zaidi ya miaka 500 iliyopita zina vyoo vya shimo ndani, na mahali pa kujiosha kando yake. Huko Lamu kwa nyumba za kale za mawe, chooni kulikuwa na birika, tangi dogo la kujengwa ukutani, unachota maji na kujimwagia. Ndani ya birika waliweka samaki wadogo wale mabuu ya mbu. Na chini kabisa walijengea bakuli ya kauri kutoka Uchina, ndiyo maji yakitolewa birika lioshwe, samaki wabaki na kamaji kao. Niliposoma hiyo nilicheka peke yangu kwa matatu. Samaki wa Lamu walipangiwa bafu vizuri kuliko babu yangu.

Enyewe hizo zilikuwa nyumba za matajiri. Watu wa nyumba za udongo hawakuwa na birika. Ndiyo point yangu sasa. Bafu imekuwa ikifuata hesabu ya nani ni mtu wa maana, kitambo sana kabla ya Nairobi kuwa Nairobi. Buruburu ya miaka ya 1970 ilipata bafu ndani kwa sababu ilijengewa watu wa morgeji.

Kitu moja tu kwa historia ya Eastlando huwa inanishangaza, nayo ni Dandora. Mwaka wa 1975, City Council na Benki ya Dunia walianza mradi wa ploti kama 6,000. Kwa ploti nyingi hawakukujengea nyumba. Walikujengea choo na shawa, wakaleta maji na bomba la taka, halafu wakakwambia vyumba utajijengea mwenyewe pole pole. Hebu ichore kwa kichwa: ploti tupu, matope, na bafu imesimama peke yake inangoja nyumba. Watu walicheka pia, naamini. Lakini hiyo ndiyo mara moja mtaani mwetu bafu ilitangulia kitanda.

Halafu ikawa nini? Ploti iliyopimwa kwa familia moja na wapangaji wachache ikapanda ghorofa juu ya ghorofa. Hesabu ya mwenye ploti ni rahisi. Kila bafu ya ndani inakula nafasi. Ukitoa mabafu ya milango saba na kuweka moja mwisho wa korido, umepata chumba kingine cha kukodisha kwa kila ghorofa, kila mwezi, miaka yote. Hicho chumba kinalipwa na wewe unayesimama kwa foleni na taulo.

Na foleni ndiyo sehemu nyepesi. Dada yangu alikaa keja ya bafu nje, Pipeline, miaka miwili. Ikifika saa moja jioni alikuwa anaacha kunywa maji. Stima ya korido ilikuwa imekufa na mlango wa choo haufungi kwa ndani. Chini ya kitanda kulikuwa na ndoo ndogo yenye kifuniko, na sisi sote tukienda kumtembelea tulijifanya hatuioni. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya nyumba ya kufaa na viwango vya kuridhisha vya usafi. Iandikeni kwa komenti hiyo, badala ya kucheka ndoo ya dada ya mtu.

Sasa nyinyi wa bedsita, msijisikie sana. Najua venye kuko. Shawa iko juu ya choo, ukioga tishu inaloa, na mlango wa bafu unafungukia jiko. Umewekewa ile shawa ya moto ya stima, mtindo uliotoka Brazil, unaosha nywele huku unaomba fundi awe aliunganisha waya wa ardhi. Na maji? Mengi ya Nairobi yanatoka bwawa la Ndakaini, Murang'a, lililokamilika 1994, na jiji halijaacha kukua tangu hapo. Mgao ukifika kwenu siku mbili kwa wiki, shawa inakuwa ya kuanikia soksi. Chini yake kuna dramu na mtungi na kikombe cha plastiki. Yaani karai ya babu imehamia ndani, ikaanza kulipa renti.

Harufu je? Mwaka wa 1775 fundi wa saa anayeitwa Alexander Cumming alisajili London wazo la kukunja bomba la choo kama herufi S. Maji yanabaki kwa ule mkunjo na kuziba njia, hewa chafu hairudi. Ni kitu ya bei ndogo, na bado kuna mafundi wanairuka kwa shimo la sakafu. Hata ikiwekwa, maji yakipotea siku nyingi mkunjo unakauka na mtaro wote unakutembelea. Mwaga jagi moja hapo kabla ya kulala. Bure hiyo.

Jumamosi nilienda kuona keja nyingine, Umoja. Sikuangalia dirisha wala rangi. Nilianza na bafu. Nikauliza maji huja siku gani, tangi ni lita ngapi, milango mingapi inategemea choo hiki, komeo la ndani liko wapi, taa ya korido inalipwa na nani. Nikamwaga kikombe cha maji kwa shimo la sakafu nikainama kusikiliza. Keateka akaniangalia, akafunga rejista yake, akaniuliza kwa upole kama nimetumwa na kaunti.