Vakansi kando ya ziwa: binti naye ajifunze kuogelea



Proklamasio imepita. Wengine mumefurahi, wengine mumenyamaza. Sasa watoto wako nyumbani miezi miwili, na mtoto wa mjini akikosa la kufanya, barabara inamfundisha. Ndiyo maana kila mwaka munatuuliza: tuwapeleke wapi, na feza iko wapi?

Jibu letu ni lile lile: kijijini, kwa jamaa. Vakansi iliyopita tulikwenda Idjwi, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya ziwa Kivu. Tulikuwa wamama 6 na watoto 14, tukapokelewa na bibi wa mmoja wetu. Hatukwenda mikono mitupu: tulibeba chumvi, sabuni, sukari na mchele. Mengine yote tuliyakuta kule.

Watoto walichimba viazi, wakala mananasi mpaka midomo ikawasha, wakajifunza vitendawili vya Kihavu. Jioni tulikaa ukingoni kuangalia wavuvi wa sambaza wakiondoka, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, huku wakiimba ili wapige kasia kwa pamoja. Usiku taa zao zilionekana kama mji juu ya maji. Kwa kuwa ualimu hauna vakansi, tuliwaeleza watoto kwamba sambaza ni wageni hapa: walitolewa ziwa Tanganyika na kuletwa Kivu karibu mwaka 1959. Mmoja akauliza, «Basi mbele ya hapo mabibi walikula nini na bugali?» Bibi alicheka mpaka machozi.

Siku ya nne tulikuwa tunafua kwenye mawe. Binti mmoja wa miaka 9 aliteleza. Ziwa letu si bwawa: kina chake kinafika karibu metre 480, na mahali pengi ukipiga hatua mbili tu kutoka ukingoni, huoni tena pa kukanyaga. Kaka zake wawili wanajua kuogelea, walijifunza kwa kujificha, lakini saa ile walikuwa shambani. Sisi wamama 6, wote tumezaliwa kando ya ziwa, hakuna hata mmoja aliyejua. Tulipiga kelele tu. Ni mke wa mvuvi jirani aliyerusha bidoni tupu iliyofungwa vizuri. Mtoto akaikumbatia, naye akamvuta kwa mti wa mtumbwi.

Usiku ule mama yake alisema, «Kesho tunarudi. Hakuna atakayegusa maji tena.» Tulimwelewa, hata sisi mikono ilikuwa bado inatetemeka. Lakini bibi akamwuliza, «Maji haya ndiyo tunachota, ndiyo tunafulia, ndiyo tunasafiria. Utamkataza mpaka lini?»

Hatukurudi. Kesho yake mke wa mvuvi alitupeleka mahali ambapo mchanga unashuka polepole, maji yakiwa kiunoni. Alianza kwa kuwafundisha watoto kulala chali juu ya maji bila kuogopa, yeye akiwashika mgongo. Kupiga mikono kulifuata baadaye. Mabinti waliingia na kitenge kilichofungwa vizuri na tishati, na heshima ya mtu haikupotea. Siku ya mwisho yule binti alilala juu ya maji, sisi tukahesabu mpaka 20. Wamama wawili nao waliweza. Sisi wengine, tuseme ukweli, mguu mmoja ulikuwa bado chini.

Kwa hiyo, mama wenzetu, hatuwaambii muwafungie watoto mbali na ziwa. Wavulana watakwenda kwa kujificha, na mabinti, ambao tunawatuma kila siku kuchota maji, ndio watakaokwenda bila kujua lolote. Munaposafiri, mukumbuke haya:

Mbele ya kupanda mtumbwi, kila mtu awe amevaa jileti ya kuokoa, mtoto avae ile ya kimo chake. Mtumbwi ukijaa sana, mushuke, hata kama mumeisha kulipa. Tarehe 3 mwezi wa 10 mwaka 2024, mashua iliyotoka Minova ikiwa imejaza watu ilizama ikikaribia Goma, karibu na bandari ya Kituku. Watu wengi walikufa wakiwa wanaona inchi kavu. Nauli inapatikana tena.

Mukifika, muulize wenyeji wapi panashuka polepole na wapi panakata ghafula. Mama mmoja achaguliwe kuangalia watoto. Huyo asifue, asisuke nywele, asishike simu, na akichoka mwingine amsimamie. Bidoni tupu na mti mrefu vikae karibu. Asiyejua kuogelea asirukie maji kumfuata anayezama, maana mutalia wawili.

Tena, muulize kwanza habari za usalama wa njia. Ikiwa njia si nzuri, vakansi ifanyike kwa jirani mwenye shamba. Viazi vinachimbwa hata huko.

Yule binti ametuuliza juzi tunarudi lini. Mama yake ameisha kuanza kuweka feza za nauli, na safari hii, amesema, naye ataingia majini.

Mukae salama, hadi juma lijalo.