Taa nyekundu ikiwaka zima gari, mteja atatafuta nyingine

Nikuulize swali. Umetoka Westlands, umebeba mteja wa Kinoo, ni saa kumi na mbili jioni na Waiyaki Way imesimama kama kawaida yake. Pale Kangemi, taa nyekundu ya joto inawaka kwenye dashibodi ya Vitz. Utafanya nini?

Jibu lako nalijua, kwa sababu ndilo jibu la karibu kila kijana ninayemjua anayeendesha teksi za apu hapa mjini: "Wacha nimalize tu hii tripu." Zimebaki kilomita chache. Mteja ukimshusha njiani atakupa nyota moja. Mwenye gari naye anangoja tageti yake usiku huo huo, na hataki kusikia habari za taa.

Hizo kilomita chache ndizo zinaua injini. Watu wazima wanapenda kusema vijana hawajui kutunza gari, na hapo sikubaliani nao. Wengi wetu tunajua. Shida ni kwamba makubaliano kati ya dereva na mwenye gari yanafanya kusimama kuwe ghali kuliko kuendelea. Ukisimama, hasara ni yako leo. Ukiendelea, hasara ni ya mwenye gari kesho. Wewe ungechagua gani, na kodi ya nyumba inakungoja tarehe tano?

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo usitarajie michoro, lakini hii kitu haihitaji digrii. Injini ina bloku chini, ambamo pistoni zinapanda na kushuka, na hedi juu, yenye vali. Katikati yao kuna gasketi, kipande chembamba chenye matundu. Kazi yake ni kuzuia vitu vitatu visikutane: moto wa petroli, maji ya kupoza na oili. Injini ikipata joto kupita kiasi, hedi ya aluminiamu inatanuka na kupinda, gasketi inashindwa kubana, na hapo fundi anakuambia gari "imechoma gasketi." Huko kupinda huwezi kukuona kwa macho. Kwa injini nyingi ndogo za Kijapani, hedi ikipinda zaidi ya milimita 0.05 hivi tayari ni shida. Huo ni unene wa unywele, bana.

Halafu kuna jambo ambalo sisi wa Nairobi tunalisahau. Tuko juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Sufuria ya maji Mombasa inachemka kwa nyuzi 100; hapa inachemka kwa kama 94. Injini yenyewe hufanya kazi karibu na joto hilo kila siku. Kinachozuia maji yasichemke ni kile kifuniko cha rejeta, ambacho kinafungia presha ndani ili maji yastahimili joto la juu zaidi. Mpira wake ukichakaa, presha inatoka, maji yanachemka mapema na kumwagika. Kifuniko kipya ni kitu cha bei ndogo sana ukilinganisha na injini, lakini nimeona gari imefungwa kifuniko cha gari nyingine, kikakazwa kwa karatasi ya nailoni. Na hiyo gari inabeba watu kupanda Limuru.

Maji ya bomba pia tuongee. Kulanti haipo kwa ajili ya nchi za baridi peke yake, vile watu wanapenda kusema. Inapandisha kiwango cha kuchemka na inazuia kutu. Ukifungua rejeta asubuhi, injini ikiwa baridi, ukute maji yana rangi ya chai ya rangi, hiyo ni kutu, na hiyo kutu inaziba vijia vyembamba vya rejeta polepole mpaka siku ile ya Kangemi.

Ubaya mwingine ni kwamba gari nyingi ndogo hazina mshale wa joto. Kuna taa ya samawati injini ikiwa baridi, na nyekundu mambo yakiharibika. Katikati hapo huambiwi chochote. Na maji yakiisha kabisa, kile kihisi kinaweza kubaki hewani na kukosa kusoma joto, taa isiwake hata injini ikiwa inaungua. Dalili nzuri ni hita. Ukiiwasha na injini imeshapata moto, halafu itoe hewa baridi, shuku kwamba maji yamepungua. Najua wengi hatuwashi hita mpaka Julai, lakini iko pale.

Sasa, taa ikiwaka: zima AC, washa hita yote, tafuta mahali pa kutoka barabarani hapo karibu, uzime injini. Si petroli stesheni ya mbele, hapo hapo panapofaa. Usifungue kifuniko. Maji yaliyo chini ya presha yatakurukia usoni, na kuna madereva wana makovu ya kuthibitisha. Usimwage maji baridi kwenye injini ya moto, hata kama konda wa matatu iliyosimama nyuma yako anakupigia kelele umwage. Ngoja ipoe kabisa. Kama maji yalikuwa yameisha, gari ivutwe. Pesa ya kuvutwa inauma, lakini inauma mara moja.

Na kama tayari imeungua? Usikubali hedi ifunguliwe kwa sababu fundi amesikiliza tu mlio. Dalili zinajulikana: maji yanapungua na huoni yanapovujia, mapovu kwenye rejeta, moshi mweupe usioisha, oili imegeuka kama chai ya maziwa. Lakini moshi kidogo wa alfajiri ni mvuke tu, na utando mweupe kidogo chini ya kifuniko cha oili msimu wa baridi unaweza kuwa unyevu wa tripu fupi fupi. Kuna kipimo cha kimiminika cha samawati kinachowekwa mdomoni mwa rejeta. Gesi ya moto wa petroli ikifika huko, kinageuka manjano. Ulizia fundi aliye nacho. Kama wako hajawahi kukisikia, tafuta mwingine.

Ile dawa ya kumwaga kwenye rejeta ili "izibe" mimi naiona ni ya mtu anayetaka kuuza gari wiki ijayo. Inaweza kuziba hata rejeta yenyewe na hita. Kwa hivyo ukienda kununua gari iliyotumika, fika asubuhi bila kumwambia muuzaji saa kamili, na ukikuta tayari ameipasha moto, muulize kwa nini.

Hedi ikitolewa, ipimwe kwa rula iliyonyooka na vipimo vya unene, na ikiwa imepinda ipelekwe kwa wale wa mashine isawazishwe. Hapa ndipo wengi wanaibiwa: unalipia gasketi mpya, inakaa juu ya hedi iliyopinda, na mwezi haujaisha umerudi. Bolti za hedi kwa injini nyingi hunyooka zikikazwa, kwa hivyo zipimwe au zibadilishwe. Zikazwe kwa spana ya kupima nguvu, kwa mpangilio wa kitabu cha injini hiyo, kwa kawaida kuanzia katikati kwenda pembeni. Fundi akikaza kwa bomba na mabega yake, chukua simu umrekodi, atakasirika lakini atatafuta spana.

Halafu sababu itafutwe. Kutoa themostati eti Kenya ni nchi ya joto si kutibu, wala kuunganisha feni moja kwa moja izunguke siku nzima. Pampu ya maji ni mbovu? Rejeta imeziba? Feni haiwaki? Kuna kitu kilileta joto, na bado kiko ndani ya hiyo gari.

Lakini haya yote hayatasaidia kama dereva bado anaogopa kusimama. Wenye gari, hasa ninyi vijana wenzetu mliochukua mkopo wa sacco mkanunua gari mkampa mtu, andikeni karatasi. Taa nyekundu ikiwaka na dereva akasimama papo hapo, siku hiyo hakuna tageti, na gharama ya kuvuta ni yenu. Akiendelea baada ya taa, hapo mna haki ya kumuuliza. Kulanti na kifuniko mnunue ninyi. Jamaa mmoja wa Umoja alikubaliana hivyo na dereva wake, akapigiwa simu mara mbili ndani ya mwaka. Mara ya kwanza ilikuwa paipu imepasuka, mara ya pili feni. Hedi haijawahi kuguswa. Mwenzake wa mtaa huo huo anayekata dereva pesa kila gari inapolala yuko kwenye injini ya pili, ya mitumba kutoka Japani, na mkopo wa kwanza bado haujaisha.

Dereva, ukiambiwa hiyo karatasi haiwezekani, omba ufunguo wa gari ya mtu mwingine. Wenye Vitz ni wengi hii Nairobi.